Vidole Chini ya Shuka

Vidole vilikuwa pale, chini ya shuka, juu ya tumbo lake. Vina joto. Mama Dobi, kama walivyomwita wale aliowafulia nguo, alivipapasa kwa mkono wake mzima, macho bado mazito kwa dawa, akatabasamu. Amekuja.

Mkono wake uliovunjika aliusikia umenyooka pembeni, vilevile daktari wa ganzi alivyouweka kabla ya kumchoma sindano begani. "Tutaunga mfupa nawe husikii kitu," alimwambia. "Hata ukishatoka, maumivu hayatakuona mapema."

Maumivu hayakumtisha. Kilichomtisha ni maneno ya dada yake, asubuhi ile, mlangoni pa chumba cha upasuaji.

"Shemeji hana kazi ya ujenzi wala nini. Anashinda kwenye karata. Na leo haji, mdogo wangu."

"Ameniapia nikitoka nitamkuta kitandani pangu."

"Na asipokuja?"

"Nitachukua watoto nije kwako."

Sasa alivipapasa tena vile vidole. Ncha zake zilikwaruza kama msasa, ngozi ngumu, ina nyufa. Moyo ukamlainika. Mcheza karata ana vidole hivi? Hivi ni vya mchanga na saruji.

"Baba watoto," akasema kwa sauti ya chini, "nisamehe. Nimesikiliza maneno ya watu. Umbea wa dada ungekuwa kuni, tungepikia mwaka mzima."

Akasubiri jibu. Mumewe naye, maneno huyatoa kwa kijiko.

"Kumbe unateseka hivi na husemi. Nikirudi nitakupaka mafuta. Na dada nitamwambia asinitandikie kitanda, siendi popote."

Akavibana vidole. Havikumbana. Maskini, zege limemchosha, amesinzia palepale. Akavishika kwa nguvu zaidi, machozi yakimtiririka hadi sikioni, machozi mazuri.

Pazia likavutwa. Muuguzi akasimama.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na mume wangu. Sema polepole, amelala."

Muuguzi akatazama huku na huku, kisha akafunua shuka taratibu.

"Hapa hajaingia mtu, mama. Na huo mkono wako usiubane hivyo. Ndiyo kwanza tumeuunga, na ganzi bado haijakutoka."