Koroboi

"Mama Trizah, hiyo paka haioni. Si unaona vile macho imeangaliana? Itupe mapema," jirani alisema, akapita na ndoo yake.

Mama Trizah alikataa. Tangu mwanawe apatwe na homa kali kwenye hizi mvua za El Nino, rafiki wa Trizah alikuwa huyo mtoto wa paka tu. Walishinda kitandani pamoja. Trizah alipolia kwamba kuna giza aliambiwa angoje jioni, koroboi itawashwa. Chumba cha mabati hakina dirisha, na mtaa mzima wa Gatina wanaishi hivyo.

Leo jua lilikuwa limetoka, akawabeba wote wawili hadi mlangoni.

Alichukua omena mmoja, kisamaki kikavu, akampitisha mbele ya paka, kushoto, kulia. Macho yale ya makengeza yalimfuata kila alikokwenda. Paka akaruka, akamdaka.

"Umeona?" Mama akacheka. "Haina shida yoyote!"

Trizah naye akacheka. "Imefanya nini, mama?"

Mama akaacha kucheka.

Alichukua omena mwingine, akampitisha polepole mbele ya uso wa mtoto. Paka aligeuza kichwa huku na huku, akimfuata. Macho ya Trizah, mazuri, yaliyonyooka, hayakusogea. Hayakupepesa mpaka gamba moja lilipodondoka juu ya kope.

Jua lilikuwa limemjaa usoni.

"Mama," Trizah akasema, "si sasa uwashe koroboi?"