Mkao wa Farasi

Hidaya alikuwa ameshazunguka shule mbili za kungfu pale mjini. Ya kwanza ilifundisha mtindo wa korongo, ya pili mtindo wa chui, na kote aliaga akisema atafikiria. Hii ya tatu aliingia kuuliza tu, saa sita mchana, jua likiwa la utosini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu." Mzee, aliyekonda kama ng'onda, alikuwa peke yake ukumbini. "Hapa tunaanza na mkao wa farasi. Miaka mitatu unasimama, magoti yamekunjwa, hurushi hata ngumi moja."

"Miaka mitatu? Nani anaweza?"

"Tazama chini."

Sakafu ya mbao ilikuwa imebonyea nyayo, mstari kwa mstari, kwa uzito wa wanafunzi waliosimama hapo. Hidaya alipita katikati yake akichungulia, mpaka mstari wa mwisho, na hapo akasimama. Unyayo mmoja wa kushoto haukuwa na kidole cha mwisho. Cha Hidaya mwenyewe kilikatwa na jembe alipokuwa na miaka tisa.

Akakanyaga. Mguu ukaenea wote, kisigino hadi vidole. Mbao zilikuwa na joto.

"Mwalimu, mimi sijawahi kufika hapa."

Mzee aliyatazama magoti ya Hidaya, yaliyokuwa yameshaanza kukunjika yenyewe, kisha akafumba macho na kuendelea kuhesabu kutoka pale alipokuwa ameachia.

"Elfu tisa mia nne na mbili. Elfu tisa mia nne na tatu."