Wimbo Usio na Pumzi

Wimbo wa arobaini na moja asubuhi hiyo aliuua kwenye sekunde ya tisa. Hakusubiri hata kiitikio. Alisonya, akabonyeza kitufe chekundu, akavuta unaofuata.

Kazini walimwita Sikio, jina alilokuja nalo kutoka kwenye kazi zake za zamani, na alilivaa kama cheo. Kampuni yao ilikuwa na huduma ya kusikilizia muziki kwenye simu, na tangu mashine zijifunze kutunga na kuimba, nyimbo za bandia zilimiminwa humo kwa maelfu kila siku. Mtu anajilaza kitandani, anaandika mistari miwili, mashine inamtolea albamu nzima, kesho anajiita msanii! Sikio aliwadharau wote, mashine na wenye mashine. Hata kuwatemea mate asingewatemea. Aliona mate yake yana thamani zaidi.

Wenzake walisikiliza kila wimbo mpaka mwisho, mara mbili mara tatu, ndipo wakaamua. Yeye alikuwa na kipimo kimoja tu, pumzi. Mtu akiimba lazima avute hewa kati ya mstari na mstari, na mashine haina mapafu. Sekunde kumi zilimtosha, na wale waliohitaji dakika aliwaita viziwi wenye mshahara.

Wa arobaini na mbili ulikuwa wa rufaa, ulishatiliwa shaka na mwenyewe amekuja kuutetea. Sauti ya mwanamke, laini, ikimbembeleza mtoto avae viatu. Sekunde kumi zikapita bila pumzi hata moja. Akavua vipokea sauti, akaagiza mlalamikaji aletwe kutoka mapokezi.

Aliingia bibi mmoja, fundi cherehani, futi ya kupimia ingali shingoni. Sikio hakumwamkia. Bibi ndiye aliyeanza.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Wimbo ni wako?"

"Wa binti yangu. Ni marehemu, huu mwaka wa nne. Aliniachia mtoto wa miaka miwili. Sura ya mama yake haikumbuki kabisa, lakini kila asubuhi nikimvalisha ananiambia, bibi, niwekee mama. Hatuna mwingine zaidi ya huo. Mkiufuta, sauti ya mama yake ndiyo imekwisha."

"Pole," alisema Sikio, kama anayemwambia mtu asogee apite. "Lakini huyu si mtu."

"Si mtu vipi, na mimi nimemzaa?"

"Uliyemzaa simkatai. Namkataa huyu anayeimba. Hapumui! Mtu aimbe dakika tatu bila kuvuta hewa, huyo ni binti au ni pampu?"

Mwenzake wa meza ya jirani alicheka. Sikio akapata nguvu.

"Na umewekwa humu mwaka jana tu. Marehemu aliuleta mwenyewe?"

"Aliuweka mpwa wake, kutoka kwenye simu ya marehemu, kabla simu haijaharibika. Binti yangu aliimba zamani, baba, mashine hizo bado hazikuwapo."

"Kila anayekaa kwenye hicho kiti huniambia zamani. Huyo mpwa amekuuzia mbuzi kwenye gunia."

Bibi alifungua mkoba, akatoa flashi iliyoviringishwa kwenye kipande cha kitambaa. "Niliikuta kwenye vitu vyake. Imeandikwa studio. Mimi kompyuta sina, sijui kuna nini ndani. Nakuomba uifungue, mwanangu, huenda ikasaidia."

"Kwanza kazi."

Akabonyeza kitufe chekundu. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, maana rufaa ikishakataliwa hairudi. Wimbo unafutwa kila mahali na jina la mwimbaji linabandikwa kwenye orodha ya wadanganyifu. Sikio alikuwa na uhakika. Alibonyeza tena, na wimbo ukatoweka kwenye simu zote, ile ya bibi ikiwa mojawapo.

"Umefanya nini?"

"Nimemaliza."

Bibi alijaribu simu yake mara moja, mara mbili, kwa kidole kilichozoea sindano. Palikuwa kimya. Alitia huruma, na mtu yeyote mwenye moyo angegeuza uso.

"Kesho asubuhi nitamwambia nini mtoto?"

"Mwambie ukweli. Miaka yote hiyo alikuwa anaimbiwa na kompyuta."

Bibi hakuondoka. Aliisukuma ile flashi mezani mpaka ikagusa mkono wa Sikio. Sikio akaichukua kwa vidole viwili, kama kitu kilichookotwa jaani, akaichomeka. Akafungulia spika sauti ya juu ili ofisi nzima ipate kucheka, na bibi ajionee takataka zake, arudi kwenye nguo za watu.

Wimbo haukuwamo. Kiti kililia, mtu akakohoa, kisha mwanamke kijana akacheka kwa haya.

"Samahani, kaka. Nahema kama niliyekimbizwa."

Bibi alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Ikafuata sauti ya kijana wa kiume, imejaa majivuno. "Usijali, dada. Hizo pumzi zote nitazikata, moja moja. Nani anataka kusikia mtu anahema? Nikimaliza, hata aliyekuzaa hataamini kama una mapafu."

"Haya basi, Sikio," marehemu akajibu. "Wewe ndiye fundi."