Majivu ya Chumba cha Miche

Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Bi Hajra, kufuli lilikuwa mlangoni, na bado mtu alikuwa ameingia kumwagilia miche. Udongo wa makopo yote ishirini ulikuwa tope. Miche ya nyanya ilikuwa imelala, shingo zimelainika.

Hiyo ilikuwa mara ya pili. Kila mwisho wa Julai, kipupwe kikivuma pale Marambo na kuku wakiwa hawana adabu, Bi Hajra huotesha ndani, karibu na dirisha, miche ikapandwe bondeni mwezi wa nane. Shamba la mbali aliliacha tangu jembe limkate kidole cha mwisho cha mguu wa kulia. Miche ndiyo iliyobaki kumpa jina, naye huimwagilia mara moja tu, asubuhi.

Sasa nani alirudia? Mwanawe Faridi hushinda kwenye mikorosho akipulizia dawa. Alibaki mkwe, Saada, binti aliyeolewa kutoka kijiji cha Malolo, mpole kupita kiasi. Bi Hajra hakuuamini upole wa namna hiyo.

"Umeingia chumbani kwangu?"

"Hapana, mama," alijibu Saada, macho chini. "Labda... mama upumzike kidogo."

Labda! Mwenye haki yake haanzi na labda. Na jioni ile Bi Hajra aliikuta kanga yake mwenyewe imelowa pindo. Ama kweli! Binti alikuwa akijifunga kanga ya mkwewe kwenda kufanyia uovu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia Faridi. "Chagua, mimi au huyu mwanamke wako."

Faridi akasema kwa uchungu, "Nikiona kwa macho yangu, mama, nitamrudisha kwao."

Bi Hajra akaotesha mbegu zake za mwisho. Zilipochomoza majani mawili mawili, alimwagilia asubuhi, akachota majivu jikoni, akayatandaza sakafu nzima kutoka dirishani hadi kizingitini, akirudi kinyumenyume na kufuta nyayo zake kwa ufagio. Akafunga. Akaswali adhuhuri, akajinyoosha mkekani.

Alasiri Faridi aliporudi, mama yake alikuwa akimsubiri mlangoni, ufunguo mkononi. Alifungua kufuli.

Makopo yalikuwa yakichuruzika maji. Majivu yalikuwa yamekanyagwa huku na huku.

Kabla hata mtu hajainama kutazama, Saada aliwapita na ufagio, akaanza kufagia kwa haraka.

"Unaona?" Bi Hajra alipiga kelele. "Unaona anavyoficha?"

"Saada! Acha!" Faridi aliushika ufagio.

"Ni mimi," Saada alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nilichongesha ufunguo mwingine. Nisamehe, mama. Nirudishe tu Malolo, mume wangu, tafadhali, usiangalie chini."

"Alhamdulillahi!" Bi Hajra akainua mikono juu. Moyo wake ulikuwa mweupe kwa mara ya kwanza mwezi mzima.

Lakini Faridi alikuwa ameshaangalia. Chini ya dirisha, ufagio ulikuwa haujafika. Unyayo mmoja wa mguu wa kulia ulikuwa umejichora vizuri kwenye majivu yaliyolowa.

Ulikuwa na vidole vinne.