Jani Ndani ya Kofia

Nililificha jani la bangi ndani ya kofia ya joho langu mpaka nikafika kwa mama mkwe.

Mke wangu, Mimount, alikuwa amelala huko wiki ya tatu kwa homa, na sikuwa nimekwenda kumwona hata mara moja. Huku kwetu Ketama, milimani kwenye mashamba ya bangi, wanawake ndio wanaopalilia. Sisi wanaume tunakaa mkahawani tukibishania mbegu. Miaka kumi na tisa nimejiita mkulima. Nilipoachiwa miche ya nyuma ya nyumba, majani yakaanza kugeuka manjano.

"Hebu nipe," Mimount alisema kutoka kitandani nilipolitoa jani. Dirisha lilikuwa limefungwa na chumba kina giza, akalipapasa jani kwa kidole gumba. "Mbona limelegea hivi? Unamwagilia?"

"Asubuhi na jioni, na bado majani yanageuka manjano."

Mama mkwe aliangua kicheko. "Bingwa wa mkahawani huyo! Bangi yetu inatosheka na mvua, mkwe wangu. Umeizamisha."

Uso ulinichoma.

"Acha udongo ukauke," Mimount alisema polepole. "Yalianza lini?"

"Jumatatu. Niliyaona siku hiyohiyo," nilijibu upesi, angalau nipate hilo la kujisifia.

Mama mkwe hakucheka tena. Alikwenda akafungua dirisha, mwanga ukamwangukia Mimount usoni.

Macho yake yalikuwa manjano kuliko lile jani.

"Na haya yalianza akiwa kwako," mama mkwe alisema. "Hukuyaona?"