Bangili ya Mdhamini

Mwanahalima alivaa bangili ya idara ya uhamiaji, ile ya kupima mapigo ya moyo, akaketi mezani kusubiri simu ya mumewe. Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu amwombee Badi ukaazi wa kudumu huku ughaibuni alikoishi. Sheria ilitaka moyo wa mdhamini uende mbio anapozungumza na mwenzi wake, na mara mbili moyo wake ulikuwa umetulia tuli. Ukitulia na leo, ombi lingefutwa, wala hakuna ndugu huko Mombasa ambaye angemlaumu.

Hilo ndilo alilokuwa akiliombea.

Uso wa Badi ukatokea kwenye kioo cha simu, ndevu amezichonga vizuri.

"Hujambo, Mwana?"

"Sijambo, mume wangu."

Alipumua polepole kama alivyojizoeza. Taa ya bangili ilibaki nyeupe. Wakaongea habari za mvua, za mgongo wa mamake Badi, za harusi ya jirani, hadi zikasalia dakika mbili za muda waliopewa na idara.

Badi akasogea karibu na kioo, akashusha sauti.

"Mwana, najua unachokifanya. Pumzi hiyo naijua. Ndivyo ulivyokuwa ukipumua jikoni, ukinisikia nafungua mlango."

Moyo ukamruka. Alishika ukingo wa meza, akajaribu kuirudisha pumzi yake, ikamkataa. Taa ikageuka kijani.

"Hongera," ilisema sauti ya idara kwa upole. "Mapenzi yenu yamethibitishwa. Mwenzi wako atawasili Ijumaa."

Badi akatabasamu.

"Nilijua tu bado unanipenda," alisema, akakata simu.