Mgongo wa Sungura

Kila nyumba mtaani kwetu ina sungura jike, na sheria ni moja: hapapaswi mgongoni. Ndani yake hupandikizwa kipande cha ovari ya mke wa nyumba hiyo, nacho huishi kwa damu ya sungura. Ukimpapasa, mwili wake hudhani amepandwa na dume. Homoni huingia kwenye damu, na baada ya muda wa saa kumi yai hushuka na kupotea.

Mke wangu Nasikiwa alifariki mwezi uliopita. Ndani ya sungura wetu lilibaki yai lake moja. Daktari yuko safarini; angerudi kesho alichukue, na mdogo wake Nasikiwa alishakubali kulibeba tumboni.

Leo asubuhi nilitoka kununua mkate. Niliporudi nilimkuta mama mkwe, aliyefika jana kutoka Usangi, ameketi jikoni na sungura mapajani. Alikuwa akimpapasa polepole, kutoka masikioni hadi mkiani.

"Huyu mnamlisha nini, baba? Mnono kukushinda wewe!" Alicheka, kisha akafuta macho. "Nasikiwa alipokuwa mdogo, alikuwa halali usingizi mpaka nimpapase hivi hivi."

"Umekaa naye tangu saa ngapi, mama?"

"Tangu ulipotoka. Kwani hapendi?"

Huko kwao sheria hii haijafika. Na kumpapasa mara moja tu kunatosha yai lishuke.

"Anapenda, mama," nilisema.

Niliweka mkate mezani, nikaketi kando yake. Miaka mitatu sikuwahi kuugusa mgongo ule. Nikamwomba nami nimpakate kidogo.